Siku Tulipomwacha Sajenti Abadilike

Ngrrr, ngrrr, ngrrrrrr. Hiyo ni sauti ya pedi ya gemu ikitetemeka juu ya benchi la mbao, na mpaka leo nikisikia kitu kinachofanana nayo lazima nigeuke. Juzi tu nilikuwa namsuka mteja, simu yake ikaanza kutetemeka mezani, na mimi kabla sijajua ninafanya nini nikapaza sauti: "Mpe dawa!"

Yule dada akageuza shingo, nusu ya nywele zake ikiwa bado mkononi mwangu. "Dawa ya nini tena, jamani?"

Nilicheka mpaka rasta zikaniponyoka. Ningemweleza nianzie wapi? Lakini ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliokaa kwenye mabenchi kama yale mkisubiri zamu, ninyi naona tutaelewana.

Nianze na Mama Shabani. Alikuwa akikaanga chapati pale Msamala, kwenye kona ya barabara ya vumbi jekundu, na nyuma ya jiko lake kulikuwa na chumba cha tofali za kuchoma chenye pazia la kitenge badala ya mlango. Humo ndimo kulikuwa na televisheni ya kichogo, benchi mbili, na mashine ya gemu ambayo mwanawe Shabani aliiacha alipokwenda kutafuta kazi Makambako. Ukiingia, pua inapokea kwanza mafuta ya chapati, halafu moshi, halafu soksi za wavulana waliotoka kucheza mpira. Harufu mbaya na nzuri kwa pamoja. Siku za baridi, ule upepo wa mwezi wa sita unapopita Songea kama umetumwa, hapakuwa na mahali penye joto kama pale. Tulibanana na masweta yetu kama vifaranga.

Malipo yalikuwa sarafu. Asiye na sarafu alichota maji: unapeleka ndoo ya maji jikoni kwa Mama Shabani, unapata zamu moja. Mimi nilikuwa wa ndoo. Ndiyo maana Kasiani, bingwa wa banda lile, kijana wa darasa la saba mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda, alinipa jina la Kandi Ndoo. Jina langu ni Kandida, lakini pale hata watoto wasionijua walisema, "Mpisheni Kandi Ndoo, atatumwagia."

Gemu za mpira zilikuwa zimekwaruzika hata mashine ikawa inazitema. Ikabaki gemu moja tu inayosoma vizuri, nasi tukaishi ndani yake. Ilikuwa ya askari mmoja aliyeshuka na chombo kwenye nchi isiyo na jua, nchi ya mabomba na vyuma na wadudu wenye miguu ya misumari. Begani alikuwa na mistari mitatu, basi tukamwita Sajenti. Alikuwa na bunduki ya kutoa mwanga wa buluu. Mwanzoni kabisa, kabla hujabonyeza chochote, ilionyeshwa picha ya mtoto wa kike nyuma ya kioo kinene, kiganja chake kimegusa kioo, na Sajenti upande wa huku naye kagusa. Kisha wanamchukua yule mtoto. Lugha waliyosema hatukuijua, lakini hilo halikuhitaji lugha. Baba anamtafuta mwanawe. Basi.

Sasa huyu Sajenti alikuwa na jambo lake. Wadudu wakimtemea ule moshi wa kijani, mwili wake unaanza kugeuka. Mkono mmoja unavimba kama gogo, ngozi inatoa magamba, jicho moja linakuwa la njano. Hapo ndipo pedi inapotetemeka, ngrrr, ngrrr, na kama umeiweka kwenye benchi inatembea yenyewe kama mende. Na kwenye mfuko wake alikuwa na vichupa vya dawa. Ukibonyeza kitufe cha juu anajidunga, anarudi kuwa mtu kama sisi.

Mama Shabani ndiye aliyetueleza maana yake. Hakujua kucheza, lakini kila baada ya kugeuza chapati alichungulia pazia na kutusimulia kinachoendelea kana kwamba ndiye aliyeitengeneza. Yeye alitoka Namasakata, huko Tunduru, na mara ya kwanza alipomwona Sajenti akiota magamba alishika kifua.

"Astaghafirullah! Huyu nawajua watu wake. Huyu kapakwa dawa ya simba."

Akatusimulia. Kwamba zamani za bibi yake, kwao kulikuwa na watu waliosemekana kujua dawa ya kugeuka simba. Siku za mwanzo mtu anageuka, anazurura porini, anarudi, anajipaka dawa ya pili, anakuwa mtu, anakula ugali wake kama kawaida. Lakini akinogewa, anachelewa kuipaka ile ya pili. Leo anachelewa kidogo, kesho zaidi.

"Na akikaa sana katika ngozi ile," alisema, kijiko cha chapati kikielekea kwetu, "ndiyo basi tena. Anasahau mlango wake. Anasahau mke. Mtoto wake mwenyewe akimwona, anaona nyama."

Kuanzia siku ile ikawa sheria ya banda: Sajenti akianza kugeuka, dawa. Papo hapo. Banda zima linapiga kelele, "Mpe dawa! Mpe dawa!" na anayeshika pedi asipotii, Mama Shabani anamnyanyua kwenye benchi kwa sikio. Nadhani hapa duniani hakuna watoto wengine waliocheza gemu ile kama sisi. Ilikuwa gemu ya vita, nasi tuliicheza kama wauguzi.

Watani hawakukosekana, maana Mama Shabani alikuwa Myao na sisi wengi Wangoni. "Ninyi mnakula panya," alisema, "halafu mnaogopa wadudu wa kwenye kioo?"

"Na ninyi mnageuka simba," Kasiani akamjibu bila kugeuka, "halafu panya akipita mnapanda kitandani!"

Alirushiwa donge la unga mgongoni, tukacheka mpaka televisheni ikatikisika.

Hayo yote yalikuwa raha tupu kwangu mpaka baba aliporudi kutoka hospitali.

Baba alikuwa fundi wa kujenga. Alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu pale kiharusi kilipomkuta, wenzake walimdaka. Alipoondoka nyumbani asubuhi ile alikuwa akipiga mluzi. Aliporudi, baada ya muda ambao mimi niliuona kama muhula mzima wa shule, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka, kama nguo iliyoanikwa ikaachia kibanio kimoja. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi na haufunguki. Sauti ilitoka nzito, imelowa, kama inapita kwenye uji.

Tulikuwa tumesimama wote uani. Mama akanisukuma mbele. "Msalimie baba yako."

"Shikamoo, baba."

Akaniangalia sana. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Halafu akasema, "Konso."

Konso ni shangazi yangu Konsolata, mdogo wake, aliyeolewa Mbinga.

"Ni Kandi huyu, baba Kandi," mama akasema taratibu. "Konso yuko kwake."

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akajaribu tena. "Konso. Maji."

Mama ndiye aliyeleta maji. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio, ndoo mkononi, nikielekea bombani bila kutumwa. Niliisikia sauti ya Mama Shabani kichwani mwangu waziwazi kuliko zile za wapita njia: anasahau mlango wake, anasahau mke, mtoto wake mwenyewe. Nilikuwa mtoto, ninyi. Watu wazima walisema "kiharusi," na mimi nikasikia tu kwamba baba ameanza kugeuka na hakuna aliyemwahi kwa dawa.

Vidonge alipewa, kila asubuhi, vingi, vya rangi mbalimbali. Nilikuwa nachungulia uso wake baada ya kila kidonge kama nilivyomwangalia Sajenti baada ya kichupa. Haukurudi. Kila asubuhi nilimsalimia nikiwa mlangoni, naye kila asubuhi akaniita Konso, nami kila asubuhi nikaenda kuchota maji. Mama Shabani hajawahi kuwa na maji mengi kama miezi ile. Mapipa yake yalijaa hadi akaanza kuwagawia majirani.

Maana mimi sasa nilikuwa na haja yangu kwenye gemu ile, na sikumwambia mtu. Nilitaka kuiona inaisha. Nilitaka kujua Sajenti akimfikia yule mtoto nyuma ya kioo, atamjua au hatamjua. Niliona kabisa kwamba likijulikana la Sajenti, la baba nalo litajulikana. Ndivyo nilivyokuwa nimelipanga kichwani, na hakuna aliyenipa sababu ya kulipanga vingine.

Tatizo lilikuwa Katapila. Hilo ndilo jina tulilolipa lile dubwana lililokaa mbele ya mlango mkubwa wa chuma, likiwa na meno ya kuchimbia mbele na taa nyekundu tumboni. Hakuna aliyewahi kulipita. Kasiani mwenyewe, pamoja na vidole vyake, alifika pale na bunduki yake ya buluu, akalimiminia mwanga, likacheka. Tena mashine yetu haikuwa na ile kadi ya kuhifadhi mchezo. Nafasi zako zikiisha, au umeme ukikatika, au Mama Shabani akitaka kuangalia tamthilia yake, kesho mnaanza upya kutoka kwenye chombo.

Halafu Shabani akapiga simu. Anakuja Jumapili kuchukua mashine yake, amepata chumba huko Makambako.

Jumamosi ile banda lilijaa kama kanisa siku ya Pasaka. Walioshindwa kuingia walikaa nje wakiinua pazia, mpaka Mama Shabani akalifunga fundo juu ili upepo uingie. Kasiani alianza asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani. Sijawahi kumwona akicheza vile. Hakuongea. Alivuka mabomba, akavuka ziwa la mafuta, na kila Sajenti alipoanza magamba tulimpigia kelele, naye akadunga dawa hapohapo. Jua likiwa limepanda vizuri, tukawa mbele ya Katapila.

Akafa. Gemu ile ilikupa nafasi ya kurudia mbele ya mlango mara chache kabla ya kukurudisha mwanzo. Akarudia, akafa. Akarudia. Nafasi ikabaki moja, na vidole vyake vikakakamaa, vikawa vimejikunja kama makucha ya kuku. Akavipuliza, akavikandia magotini. Havikufunguka.

"Zamu ya nani?" Mama Shabani akauliza kutoka jikoni.

Nikanyanyua mkono. Ndoo yangu ilikuwa imeshafika jikoni tangu asubuhi.

"Aaaah!" banda zima likanung'unika. Deo, ambaye alikuwa mdogo wake Kasiani na msemaji wake, akasema, "Kandi Ndoo? Mwacheni Kasi apumzike. Huyu atamnawisha Katapila uso."

"Zamu ni zamu," Mama Shabani akasema. "Maji yake ndiyo mnayokunywa hapo. Mpeni."

Kasiani aliniangalia. Nilidhani atakataa. Akanipa pedi, ikiwa ya moto na imelowa jasho, akaninong'oneza, "Dawa kimebaki kichupa kimoja. Usikitumie mapema. Taa ya tumboni mwake ikizimika kidogo, kimbia kushoto."

Nikakaa. Benchi lilikuwa na joto lake.

Katapila likaja. Nilikimbia kushoto, nikakimbia kulia, nilipiga risasi nyingi ukutani kuliko kwenye dubwana, watu wakishika vichwa. Likatema moshi wa kijani, moshi ukamfunika Sajenti mpaka kiunoni, na pedi ikaanza. Ngrrr. Ngrrr.

"Dawa!" wakaanza. "Mpe dawa, Kandi!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mkono wa Sajenti ulikuwa umeshavimba. Uso ukaanza kwenda, upande mmoja kwanza, ukishuka. Nami nikauangalia ule uso. Kila mtu mle ndani alikuwa anaangalia Katapila, mimi nilikuwa naangalia uso. Nikawaza: tumempa dawa siku zote hizi. Vichupa vingapi! Na hatujafika kwa mtoto hata siku moja. Baba naye amemeza vidonge kila asubuhi na uso haujarudi. Sasa kama uso haurudi, basi yatupasa tujue yule aliyebaki ni nani.

Nikaondoa kidole.

"KANDI! DAWA!"

Pedi ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Nikasikia kijiko kikianguka kwenye kikaango, na Mama Shabani akaingia na mikono yake ya unga.

"Wewe mtoto! Anageuka huyo! Mpe dawa nakwambia!"

"Sitaki, mama."

"Husikii? Atasahau!"

"Sitaki! Nataka nione!" Na hapo nilikuwa nimeanza kulia, kamasi zikinitoka, lakini macho sikuyaondoa kwenye kioo. "Niacheni nione kama atasahau!"

Sijui aliona nini usoni mwangu. Mkono wake ulikuwa umeshafika sikioni kwangu, nilihisi unga. Ukabaki pale bila kuvuta.

Sajenti akageuka mpaka mwisho. Hatukuwahi kuuona huo mwisho. Magamba yalimpanda hadi shingoni, mgongo ukatanuka ukapasua koti la chuma, akawa mrefu hadi kichwa kikatoka nje ya kioo. Bunduki ikamwanguka, maana vidole vile havikuingia tena kwenye kifyatulio.

"Bunduki imeanguka!" Deo akapiga yowe. "Ametuua! Kandi ametuua!"

Halafu pedi ikanyamaza. Kimya kabisa, imetulia mkononi kama kipande cha sabuni. Katapila likaja na meno yake yote. Nikabonyeza kitufe cha bunduki kwa sababu ndicho pekee nilichokumbuka, na Sajenti, asiyekuwa na bunduki, akanyoosha ile mikono kama magogo, akalishika Katapila kwa meno yake yenyewe, akalisimamisha.

Nikabonyeza tena. Akaling'oa jino.

Kasiani akasema polepole, "Bonyeza tena." Nikabonyeza. "Tena! Usiache! Kandi, usiache!" Nikabonyeza na kubonyeza na Sajenti akalirarua dubwana lile bati kwa bati, taa nyekundu ikazimika, na alipolinyanyua lote na kulibamiza kwenye mlango wa chuma, mlango ukaanguka ndani kwa kishindo ambacho spika za ile televisheni hazikuweza kukibeba, zikakoroma.

Sitawaelezea kelele zile, hamtaniamini. Benchi la nyuma lilianguka na watu wake. Mtu alinipiga mgongoni, mwingine akanibusu kichwani. Mama Shabani alipiga kigelegele hadi wateja wake wa chapati wakaacha vikombe vya chai kuja kuangalia kama ni msiba au harusi. Mimi nikawafokea wote: "Nyamazeni! Bado! Bado!"

Maana Sajenti alikuwa anatembea mwenyewe sasa, bila mimi kubonyeza, kwenye ukumbi mrefu mweupe. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo yule mtoto. Mtoto alipomwona akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwelewa. Mungu anajua nilimwelewa. Sajenti akasimama. Akapiga magoti, na hata kwa magoti alikuwa mkubwa kama nyumba. Akaweka kile kiganja cha magamba kwenye kioo, taratibu, kama anaogopa kukivunja. Na jicho lake, lile la njano, likamtazama mtoto.

Mtoto akasogea hatua. Akasogea nyingine. Akaweka kiganja chake.

Sajenti akasema neno moja katika ile lugha. Hakuna aliyelijua.

"Amesema nini?" Deo akanong'ona.

Mama Shabani alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa unga, uso wote umekuwa mweupe kama maskini aliyeangukiwa na gunia la unga. "Amesema 'mwanangu,'" akajibu bila kusita. "Hamsikii? Amesema 'mwanangu.'" Akavuta pumzi puani. "Basi simba huyu siye yule wa kwetu. Mimi nilimdhania bure, maskini. Na dawa zote zile tulizompa!"

"Tulikuwa tunampunguzia nguvu," Kasiani akasema, ameduwaa. Kisha akili ikamrudia na ubingwa pia. "Lakini mimi ndiye niliyemfikisha mlangoni. Hilo msilisahau."

"Ulimfikisha," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Walitoka wote mbio barabarani kuutangaza ushindi, na wakanibeba juu juu, Kasiani bega moja, Deo jingine, na kwa kuwa nilikuwa mzito wakapokezana njiani. "Kan-di! Kan-di! Kan-di!" Hakuna aliyetia Ndoo mwishoni. Tukazunguka mashine ya kusaga, tukapita kwa fundi baiskeli, kuku wakikimbia, watoto wasiojua kitu wakijiunga na kuimba hivyohivyo, hadi mbele ya kwetu. Hapo wakanishusha, wakaendelea bila mimi na wimbo wangu, kwa maana furaha ile haikuwa na breki.

Baba alikuwa uani, kwenye kiti, ameota jua. Siku nyingine ningepita kwa nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ilitoka imelowa kama kawaida. Aligeuza shingo kuelekea barabarani, kelele zilipokuwa zinapungua, akatafuta maneno kwa muda. "Konso," akasema, "mbona... wanaimba... Kandi? Umefanya nini?"

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto na ya baridi kwa pamoja. Wanaimba Kandi. *Umefanya* nini. Alijua! Alijua kwamba Kandi ni mimi, alijua siku zote. Ni ulimi tu uliokuwa unaingiza mkono kwenye kikapu na kutoka na jina la jirani. Baadaye sana daktari alituambia hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Baba aliendelea kuniita Konso hata nilipofungua saluni, na shangazi Konso mwenyewe akija kutoka Mbinga yeye ndiye anayeitwa Kandi, tunaitika tu, tunacheka. Lakini siku ile hapakuwa na daktari, nilikuwa nimejua peke yangu.

"Nimemshinda Katapila, baba."

Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Ule mwingine ukabaki ulipo, nami nikauangalia pia, ukaonekana unacheka vilevile, ila kwa namna yake.

Mama alikuwa bado sokoni. Nikaingia ndani, nikapata wembe mpya kwenye karatasi yake juu ya kabati la vyombo, nikachanganya maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, nikavuta kigoda nikakaa upande wake wa kulia. Nikaichukua ile ngumi nikaiweka mapajani mwangu. Niliifungua kidole kimoja kimoja. Kucha zilikuwa zimerefuka humo ndani, moja imeanza kuchoma kiganja, na kwa kuwa hakuna aliyeifungua hakuna aliyeziona. Nikazilowesha mpaka zikalainika. Nikaanza na kidole gumba, polepole, nimetoa ulimi nje, baba akiangalia utosi wangu. Nilipomaliza nilizikusanya zote kiganjani, nikaenda nazo nyuma ya nyumba, nikachimba kwa kijiti, nikazifukia, nikasawazisha udongo kwa unyayo.